Dawa Yako ni Kuota

Alhamdulillahi kabla ya neno jingine lolote. Ninaandika haya nikiwa nimekaa uani kwangu, Malindi, miguu nimeitoa nje ya leso, na jua la saa tatu limenifika magotini. Mwenye kunijua zamani akinikuta hivi atacheka. Na acheke. Naandika kwa sababu hapa mtaani wako wanawake, wajane na wasio wajane, ambao nasikia wanatembea kwa kushika ukuta, mchana wamelala na usiku wako macho, na watu wao wanasema ni uzee au ni jicho la mtu. Huenda ni uzee. Lakini huenda ni kile kilichonipata mimi, na kilichonipata mimi kina dawa.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani. Wasichana wengi wa mtaa huu walianza alifu na bee kwenye ukumbi wangu, na wengine sasa wananiletea watoto wao. Mume wangu, Mzee Athmani, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipooza upande mmoja na akakaa kitandani miaka. Mwanga ulimuumiza macho. Tukamlaza chumba cha ndani, kile kisicho na dirisha ila kitundu cha hewa karibu na dari, na mimi nikakaa naye humo. Nilitoka kwenda ukumbini kusomesha, nikarudi ndani. Sokoni alikwenda Swafia, mke wa mwanangu Abdalla. Nikitoka mimi, ni kwenda mazikoni au harusini, ndani ya buibui, na mara nyingi baada ya magharibi.

Mzee alifariki mwisho wa pepo za kaskazi, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nikakaa eda katika chumba kile kile, upande wangu wa kitanda.

Sheria ya eda naijua, nimeisomesha. Haikatazi jua. Lakini kila mtaa una desturi zake ulizozipanga juu ya sheria, na kwetu mjane wa mtu mzito hakai penye mwanga. Jua likimpiga, husemwa kwamba huzuni yake ni nyepesi. Wifi yangu, Bi Hadija, dada wa marehemu, alikiziba hata kile kitundu cha hewa kwa kipande cha kitambaa, nami sikumkataza. Tulikuwa tunalia mtu mmoja, kila mmoja kwa njia yake.

Eda ikatimia. Wakanikogesha, wakanivika nguo mpya, wakanitia udi. Na siku ya pili nikarudi chumba cha ndani, kwa kuwa miguu haikutaka kwenda kwingine. Eda ilikwisha kwa hesabu, lakini mwili wangu haukuambiwa. Ulibaki edani.

Maumivu yalianza mbavuni, nikadhani nimelala vibaya. Yakashuka nyongani, yakaingia kwenye miundi ya miguu, huko ndani kabisa ya mfupa, mahali ambapo mkono wa kukanda haufiki. Nikikaa kitako siinuki bila kuvutwa. Nikitembea nayumba huku na huku, na watoto wa chuo, ambao hawana ubaya ila wana macho, wakanipa jina: Mwalimu Bata. Usingizi nao ukageuka. Adhana ya alfajiri ilinikuta macho makavu, ya adhuhuri ikanikuta nakoroma. Wasichana wakija kusoma huambiwa Mwalimu amelala, wakarudi kwao na misahafu yao kifuani.

Lakini kilichoniuma zaidi ya mfupa kilikuwa hiki. Kwanza nilishindwa kuinuka kutoka sijda. Halafu nikashindwa kuifikia. Swafia akaniletea kiti, nikasali juu ya kiti, nikiinamisha kichwa tu. Dini imetupa ruhusa hiyo, na ruhusa ni rehema. Nimewaambia hivyo wagonjwa wengi kwa kinywa changu. Ilipofika zamu yangu, rehema ile ilinikaa kooni. Nikamuomba Mola kitu kimoja tu: siha yote aichukue akitaka, lakini anirudishie paji la uso wangu chini.

Vuli ilipoanza, Abdalla akasema basi, twende hospitali.

Anayengoja hospitali na ajue kwamba kungoja nako ni sehemu ya ugonjwa. Benchi lile lilikuwa jembamba, na mifupa yangu ilikuwa inahesabu kila ubao. Lakini benchini pana heri yake. Mama mmoja wa Kigiriama, aliyekuja na mguu uliovimba, alinitazama ninavyojinyonganyonga, akavua kitambaa chake cha begani, akakikunja mara nne. "Kalia hiki, mamangu," akasema. "Mimi nina nyama, mbao hazinijui." Sikumjua jina wala sikumuona tena. Mpaka leo namtia katika dua zangu kwa alama ya kitambaa.

Wifi Hadija alinisindikiza. Sikio lake la kushoto halisikii, na la kulia husikia linachopenda. Daktari alikuwa kijana wa bara, mpole, mwenye Kiswahili cha kwao. Aliniminya muundi kwa kidole gumba, nikapiga kelele.

"Mama, mara ya mwisho jua ilikupiga lini?"

Nilifikiri. Nikafikiri tena. Wifi akanijibia, tena kwa kujisifu: "Huyu si mtu wa kupigwa na jua, daktari. Huyu ni mtu wa ndani."

Akaandika. Akanituma nikapigwe picha ya mifupa, nikatolewa damu, nikarudi benchini, nikangoja, nikaitwa. Akatazama picha kwenye mwanga wa dirisha, akatikisa kichwa, akaniuliza habari za usingizi. Nikamweleza. Akanipa chupa ya vidonge. Wakati huo mgonjwa mwingine amekwisha kusukuma mlango, na mtoto analia. Daktari akanyanyua sauti kumshinda mtoto: "Vidonge ni nusu tu, mama. Dawa yako kubwa ni kuota. Uote kila siku asubuhi. Umesikia? Usikose kuota!"

"Nimesikia, mwanangu."

Wasomaji wangu wa mwambao mmekwisha kuona tulipopotelea.

Nyumbani palifanywa baraza. Wifi akaeleza kwamba daktari ameona kwenye picha kuwa ndoto zimenikauka, na mtu asiyeota mifupa yake hulegea. Swafia, ambaye amesoma shule, alikunja uso. "Shangazi, una hakika alisema hivyo?"

"Niulize mimi au muulize mgonjwa mwenyewe!"

Nikaulizwa. Nikasema ndivyo, amesema niote kila asubuhi, nisikose. Na kwa kweli liliniingia akilini. Mtu asiyelala hatamani kitu kama anavyotamani ndoto.

Basi kila asubuhi, jua likichomoza, wifi alinifungia mlango. Aliteremsha pazia la ukumbini pia, kwa tahadhari. Watoto wakija chuoni, alisimama kizingitini kidole mdomoni: "Nyamazeni! Mwalimu yuaota!" Mtaa mzima ukajua. Watu wakipita barazani walinyata. Na baadaye alikuwa akifungua mlango kidogo, akaingiza kichwa, kwa kuwa wifi yangu ni mfasiri wa ndoto kwa kurithi. "Haya, umeota nini?"

Zilikuja ndoto chache, za ovyo. Usingizi wa usiku ndio ukapotea kabisa. Maumivu yakazidi. Chupa ya kwanza ya vidonge ikakaribia kwisha, na mimi sasa nilikuwa nabebwa kwenda msalani.

Tukarudi hospitali upepo umeanza kugeuka kuwa kaskazi. Benchi lile lile. Daktari yule yule, na safari hii alikuwa na nesi, binti wa Mambrui. Daktari akanitazama ninavyoingia nikiwa nimeshikwa huku na huku, akafadhaika.

"Mama, vidonge umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Na kuota, umekuwa ukiota?"

"Kwa uwezo wake Mola nimeota mara chache."

"Mara chache? Nilisema kila siku!"

"Daktari," nikasema, "jambo hili haliji kwa kulazimisha."

Wifi akaona nadhalilishwa, akaingia kati. "Usimgombeze. Yuajitahidi. Juzi ameota anapika wali, wali ukakataa kuiva. Nimeufasiri mimi mwenyewe, ni heri."

Daktari akaweka kalamu chini polepole. "Uliota ukiwa wapi, mama?"

"Kitandani. Niote wapi tena?"

"Na jua inafika kwa hicho kitanda?"

"Jua?" Wifi akashangaa. "Jua lifike vipi, na mlango tumefunga ili aote?"

Nesi alichukua faili, akajifunika uso nalo, na mabega yake yakaanza kutetemeka. Alipopata pumzi akaniinamia sikioni. "Bi mkubwa, shikamoo. Daktari asema kuota jua. Kuota kama paka aotavyo moto jikoni."

 Halafu kicheko kilinitoka, sijui kilitoka wapi, kikaniuma mbavu zote na sikuweza kukizuia. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu tumzike Athmani. Daktari naye akacheka, machozi yakamtoka. Mlango ulikuwa wazi, habari ikafika benchini, na benchi zima likacheka na maradhi yake. Wifi Hadija peke yake hakucheka. Aliketi wima kama mlingoti, akasema, "Lugha ni yetu. Angesema vizuri."

Na kweli lugha ni yetu, nami mwalimu sikuwahi kuitazama. Mbegu huota, mtu huota, paka huota moto. Siku nyingine niliwapa wasichana wangu neno hilo kama somo.

Daktari akanieleza upya, taratibu, na kila sentensi nesi akaipitisha kwenye Kiswahili cha kwetu, kwa usalama. Jua liguse ngozi yenyewe, si buibui, si kioo cha dirisha. Mikono na miguu, asubuhi likishapanda, nisikae mpaka niungue. Mifupa yangu ilikuwa na njaa ya jua, na mwili umesahau asubuhi ni ipi. Ukiona mwanga asubuhi utakumbuka pia usiku ni upi. Akaniongezea vidonge. Sikumuuliza zaidi.

Nilidhani tabu imekwisha. Kumbe ilikuwa inaingia ndani ya nyumba.

Ua wetu hauna paa, lakini ng'ambo ya ukuta jirani alikuwa anajenga ghorofa, na juu yake mafundi walishinda kutwa. Wifi alipoona Swafia anatandika mkeka uani, alisimama mbele yake.

"Mjane wa kaka yangu akae hapa miguu wazi? Aanikwe kama samaki ng'onda?"

Abdalla alikuwa amerudi kutoka Watamu, anakopika hotelini. "Shangazi, mimi kila siku napikia watu waliopanda ndege kuja kuota jua hili hili. Wanalipa. Sisi tunaletewa mlangoni bure, tunalifungia!"

"Basi mpeleke mamako huko, avae chupi alale mchangani!"

"Shangazi!"

"Nimesema!"

Swafia, ambaye katika nyumba hii hakuwahi kumjibu mkubwa, akasema kwa sauti ya chini, "Nimechoka kumbeba mama nikisikia mifupa yake inalia." Akaenda jikoni. Siku zile wifi hakula chakula cha nyumba yetu. Aliletewa kwake kutoka kwa binamu yake, na Swafia aliosha sahani yake safi isiyoguswa, kila mlo, akairudisha mahali pake. Mimi nilikuwa katikati, na nilipenda pande zote mbili.

Ningeweza kumsomesha wifi masharti ya stara, nayajua. Lakini mtu mwenye msiba hashindwi kwa hoja, na yeye alikuwa bado anamlinda kaka yake. Nikamwita adhuhuri, tukiwa wawili tu.

"Hadija, nitoe kwenye kiti. Niinamishe nisujudu."

"Utaumia."

"Niinamishe."

Alinishika kwapani, akanishusha. Magoti yalipokaribia mswala, mfupa wa nyonga ulilia ndani yangu, nami nikalia nje. Hatukufika. Akanirudisha kitini, amenikumbatia, na nikahisi moyo wake unavyopiga.   Alinipangusa jasho kwa ncha ya leso yake, akaondoka.

Asubuhi yake alikuja na leso zake mbili na kamba. Akazitundika uani kama pazia. Kaskazi ikazing'oa. Akazitundika tena, zikang'oka tena, moja ikaruka mpaka kwa jirani. Basi akaishika ile iliyobaki kwa mikono yake, ameitandaza juu kati yangu na lile ghorofa, akapaza sauti.

"Enyi mafundi! Hapa chini amekaa mama yenu! Atakayetazama huku, tofali limwangukie!"

Sauti ikajibu kutoka juu: "Hatutazami, bibi! Tunatazama saruji!"

"Itazameni sana!"

Nikakunja mikono ya nguo. Nikavuta leso mpaka magotini. Jua likaniangukia miguuni.

Sijui niwaeleze vipi. Ngozi yangu ilikuwa imepauka kama kitu kilichokaa chini ya jiwe. Joto lilinigusa, nikasisimka mwili mzima, nikasikia harufu ya ngozi yangu mwenyewe, ile ya utoto, baada ya kuogelea. Paka wa nyumba alikuja akajilaza ubavuni mwangu bila kukaribishwa, kama fundi amekuja kumuonyesha mwanafunzi. Wifi alisimama na leso yake juu, analalamika, hakuishusha mpaka nilipomaliza. Mchana ule alikula kwetu. Swafia alimpakulia, na wote wawili wakazungumza habari za chumvi.

Baadaye Abdalla alinunua makuti kwa Wagiriama wa Ganda, akazungusha ua wote, na mikono ya wifi ikapumzika. Lakini aliendelea kuja. Alisema yuaja kulinda.

Usingizi ndio uliotangulia kupona. Chupa ya pili ya vidonge ilikuwa haijafika nusu pale adhana ya alfajiri iliponiamsha. Iliniamsha! Nililala kitandani nikaisikiliza mpaka mwisho, nikaitika kila neno, nikashukuru kwa kuwa nilikuwa nimelala. Maumivu yalikawia. Yalitoka kama mgeni mzito, anayeaga kisha anakaa tena. Kwanza mbavu. Halafu nikainuka msalani peke yangu. Wasichana wakarudi, na sasa nikawasomesha uani, penye kivuli wao, penye jua mimi. Jina la Bata likasahaulika. Wakaniita Mwalimu Ng'onda, na najua fika nani aliwafundisha.

Watu walinitazama. "Mbona umekuwa mweusi hivi?" aliuliza jirani mmoja kwa huruma.

"Mweusi anayesimama," akajibu wifi.

Mvua za mwaka zilipokuja zilitutia hofu. Mbingu ilifunga, ua ukawa matope, nikarudi kukaa ukumbini, ingawa pazia lilikuwa limepandishwa na kitundu cha chumba cha ndani kimetolewa kitambaa. Nyonga ilianza kunikumbusha ya nyuma. Nilikuwa bado nasali kitini. Niliogopa, sitaficha. Wifi alikuwa akitoka kila asubuhi kutazama mawingu, akirudi ananiambia, "Bado lafua nguo," kana kwamba jua ni jirani tunayemngoja. Likitokea kidogo tu, hata kati ya manyunyu mawili, mkeka ulikuwa umekwisha kutandikwa.

Mkiwa katika hali hii, msikate tamaa mvua ikinyesha. Tokeni siku likiwaka, kaeni karibu na mlango siku lisipowaka, mezeni vidonge, na mwenye kuwaambia kitu hospitali mumwambie arudie. Mkiona haya, jifanyieni stara ya makuti. Stara ni ukuta tu, haihitaji dari.

Mvua zikapungua, Ramadhani ikawa inakaribia. Asubuhi moja ua ulikuwa umekauka na jua limepanda. Ulikuwa wakati wa dhuha, na sala ile ya sunna nilikuwa nikiipenda tangu usichana, nikaikosa muda wote niliokuwa nikilala asubuhi. Nikamwambia wifi anitandikie mswala pale pale uani.

"Na kiti?"

"Kiti kiache."

Akasimama pembeni, mikono tayari kunidaka. Nikafunga sala. Nikarukuu, magoti yakatetemeka yakatii. Nikaweka goti moja, la pili, viganja, na nyonga ikanung'unika lakini haikulia. Nikateremka. Nikateremka tena. Halafu paji la uso wangu likagusa chini, na chini palikuwa pa moto. Ardhi ilikuwa imekaa juani kabla yangu, ikapitisha joto lake kwenye mswala, na juu ya mgongo wangu jua lenyewe. Nikabaki hapo. Niliyoyasema ni baina yangu na Mola.

"Rukia," nikasikia wifi ananong'ona. "Rukia, u hai?"

Aliye katika sala hajibu. Nikasikia kandambili zake zinakaribia, zinasita, na pumzi yake inakatika kwa kilio. Nikainuka mwenyewe, nikamaliza, nikatoa salamu kuliani na kushotoni. Kushotoni nilimkuta yeye, amechutama, uso umelowa.

"Umenitisha! Sijda gani ile ya kutwa nzima? Ulikuwa ukifanya nini?"

"Nilikuwa naota, wifi."

Akapangusa macho kwa leso, akajisogeza mkekani, akanyoosha miguu yake juani kando ya yangu.

"Haya," akasema. "Umeota nini?"